Beti zinazorukwa katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, shairi la wosia ambalo mama wa jina hilo alimtungia binti yake, unapojadiliwa siku hizi, mazungumzo huishia kwenye beti zile zile: mke ampepee mumewe akilala, asitoke bila idhini yake, na huko akhera atafute radhi ya mume ndipo apate njia. Wanaoulaumu hawajausingizia. Mshairi mwenyewe, anapokaribia kumaliza, anawaita wanawake wote wausome na wawatii waume zao, kwa hiyo haitoshi kujitetea kwamba ulikuwa wosia wa faragha kati ya mama na mwana. Na ubeti unaomkataza binti kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi ni sauti ya muungwana anayelinda daraja lake. Huo sioni namna ya kuutetea.

Tatizo langu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa na watu walioruka beti nyingi. Utendi unaanza na mgonjwa. “Negema wangu binti, mchachefu wa sanati”, yaani sogea karibu, anasema, akimwita mtoto ambaye miaka yake bado michache, kisha anamweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia neno jema, na anamtaka akae mbele yake na wino na karatasi. Baadaye anamsimulia habari za baba yake:

Alinioa babako
kwa furaha na kicheko
tusondoleane mbeko
siku zote twalokaa.

Yaani hawakuvunjiana heshima siku zote walizokaa pamoja. Ubeti unaofuata unasema hawakuteta hata siku moja, ovu lake halikumpata mume wala la mume halikumkuta yeye, mpaka kifo kilipowatenganisha. Tangu hapo, anakiri, hanyamazi kwa kilio. Hapa heshima ni ya pande mbili, na anayeambiwa ni mtoto wa ndoa hiyo hiyo. Ukiziondoa beti hizi, unabaki na orodha ya amri. Ukiziacha mahali pake, amri zinakuwa maelezo ya mjane kuhusu jinsi nyumba yake ilivyodumu.

Tarehe nazo zina uzito ambao wachambuzi wengi huupita haraka mno. Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona na mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, alifariki mwaka 1856. Utendi umeandikwa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, na mama akafa yapata 1860. Binti anayeandikiwa, basi, amekwisha kumpoteza baba na anamwona mama akidhoofika, naye ni mtoto wa mji uliokuwa umepigana na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, ambako jina la baba yake lingeweza kumletea hifadhi au uadui. Mama aliyemo katika hali hiyo angemwachia nini mwanawe? Kumfundisha kuasi kungekuwa kumtupa peke yake mbele ya watu ambao yeye, mama, hatakuwapo kuwakabili. Katika radhi tano anazozitaja, baada ya Mungu na Mtume wanatangulia baba na mama. Mume anakuja wa tano, ingawa anaongeza kwamba radhi hiyo ya tano imekaririwa mno.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakaona kejeli iliyofichwa, hasa katika agizo la kumtunza mume “kama kijana asioyua kunena”, yaani kama mtoto mchanga. Siwafuati hadi huko, kwa kuwa sala ndefu inayofunga utendi haina dalili ya mzaha. Lakini mwanamke aliyelea watoto anajua nani ana nguvu kati ya mlezi na mtoto asiyeweza kusema, na sidhani mfano huo ulimponyoka.

Toleo la utendi huu lililohaririwa na Werner na Hichens mwaka 1934 lilipewa jina la Kiingereza linalouita mawaidha kuhusu wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wameusoma kwa jicho hilo, wanaousifu na wanaoulaani vilevile. Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi beti kumi tu za kujadili na achague za kumpepea mume, hakuna ubaya, ila aweke na ule wa “Alinioa babako”.