Komunyo ya mbunge na kifungo cha binti

Siku ya harambee ya kuezeka kanisa kwenye kigango kimoja huko Kilolo, Iringa, mgeni rasmi, mwanasiasa, aliketishwa mbele kabisa, kwenye kochi lililobebwa kutoka nyumba ya jirani na kutandikwa kitambaa cheupe. Ulipofika wakati wa Komunyo alikuwa wa kwanza kusimama. Nyuma yake foleni ikajipanga: watoto, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wazee wenye makoti mazito maana ukungu ulikuwa haujaondoka. Kwenye benchi la tatu kutoka mwisho alibaki mama mmoja. Alisogeza miguu pembeni wenzake wapite, akainama, akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Pale kila mtu anajua sababu: anaishi uchumba sugu, mwanamume hataki kufunga ndoa, na huu ni mwaka wa tisa hajapokea. Siku ile hakuna aliyemzuia. Aliambiwa mara moja, zamani, basi.

Benchi lile hunijia kila ninapofuatilia mvutano wa maaskofu wa Marekani na wanasiasa Wakatoliki wanaotetea haki ya kutoa mimba. Mwezi Mei 2022 Askofu Mkuu Salvatore Cordileone wa San Francisco alitangaza kwamba Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, asipewe Komunyo katika jimbo hilo la Kanisa mpaka aachane na msimamo wake. Tarehe 29 Juni mwaka huo huo Pelosi alikomunika Roma, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, kwenye Misa aliyoiongoza Papa Fransisko. Joe Biden naye alinyimwa na padre mmoja huko South Carolina mwaka 2019, lakini Washington, alikokwenda kuwa rais, Kardinali Wilton Gregory, askofu mkuu wa huko wakati huo, alisema yeye hatamnyima. Imani ni moja, Ekaristi, yaani Komunyo hiyo, ni moja, ila jibu lilitegemea umevuka mpaka wa jimbo gani.

Wanaotaka adhabu hawana hoja nyepesi, na ni makosa kuwaona kama watu wakali tu. Sheria ya Kanisa namba 915 inasema wanaodumu kwa ukaidi katika dhambi nzito iliyo wazi wasikubaliwe kwenye Komunyo. Neno "wazi" lina uzito hapo. Dhambi ya siri inamhusu mtu na padre wake wa kitubio, bali kura ya bungeni hupigwa mbele ya taifa. Mwanasiasa akisema "mimi binafsi napinga utoaji mimba, ila sitawalazimisha wengine", anazungumza kana kwamba uhai wa mtoto tumboni ni kanuni ya ndani ya Kanisa, kama kufunga Ijumaa Kuu. Kanisa halifundishi hivyo. Linafundisha kwamba ni suala la haki, la mtu mmoja kutomuua mwingine.

Wana pia mfano mgumu kuupangua. Mwaka 1962 Askofu Mkuu Joseph Rummel wa New Orleans aliwatenga na Kanisa Wakatoliki watatu, akiwemo mwanasiasa Leander Perez, kwa kupigana na uamuzi wake wa kuwachanganya watoto weusi na weupe katika shule za Kikatoliki. Leo nani anamlaumu Rummel kwamba alichanganya dini na siasa? Ukimsifu askofu kwa kumwadhibu mbaguzi, unahitaji sababu nzuri ya kumkemea anayemwadhibu mtetezi wa kutoa mimba.

Sababu zipo. Papa Fransisko, akiwa ndani ya ndege akirudi kutoka Slovakia Septemba 2021, alisema wazi kwamba kutoa mimba ni kuua. Lakini katika mazungumzo hayo hayo alisema yeye hajawahi kumnyima mtu Ekaristi, akawataka maaskofu wawe wachungaji. Alikwisha kuandika zamani kwamba Ekaristi si tuzo ya waliokamilika, ni dawa na chakula cha walio dhaifu. Tena ipo shida ya kuchagua dhambi. Septemba 2025, maaskofu walipovutana kuhusu tuzo aliyokuwa apewe huko Chicago Seneta Dick Durbin, Mkatoliki anayetetea haki ya kutoa mimba, Papa Leo wa 14 alisema kwamba anayepinga utoaji mimba huku akiunga mkono adhabu ya kifo si mtetezi wa uhai kweli. Na Komunyo ikishageuka kuwa habari ya magazeti, waumini huacha kumtazama Kristo, wakaanza kuhesabu nani wa chama gani amepokea. Maaskofu wa Marekani nadhani waliliona hilo: Novemba 2021 walipitisha hati yao ya Ekaristi kwa kura 222 dhidi ya 8, bila kumgusa mwanasiasa yeyote.

Huku kwetu maaskofu wanajua kusema na serikali. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, chini ya urais wa Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari, likasomwa makanisani. Lakini tamko lile halikugusa altare. Suala la mimba likifika Dodoma litaigusa, na sioni dalili kwamba tumejiandaa.

Maana litafika. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inataka mimba iruhusiwe kutolewa mwanamke anapokuwa amebakwa, amepewa mimba na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha uhai au afya yake. Wakati huo huo Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inampa anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa hadi miaka 3. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Kati ya itifaki na sheria hizo kuna korongo, na wanaotumbukia humo ni mabinti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mimba 405,000 zilitolewa nchini mwaka 2013. Kanda ya Ziwa na Nyanda zetu hizi za Juu Kusini ndizo zilizokuwa na viwango vya juu zaidi.

Takwimu ile haikunishangaza. Huku tunawapeleka mabinti Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa hawajamaliza kukua, na wengine hurudi na begi lile lile waliloondoka nalo, mimba ya miezi mitatu, na jina la mwanamume ambalo hawathubutu kulitaja. Baba anang'aka, mama analia jikoni. Shangazi anajua mtu wa mizizi, au vidonge vya kununua kwa siri. Mambo yakiharibika binti anafikishwa hospitali usiku akiwa amefungwa vitenge viwili vinavyovuja damu, na ndugu wanadanganya kwamba ameanguka akichota maji, kwa sababu wanaogopa polisi. Uongo ule humchelewesha daktari.

Kenya walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2010 maaskofu walipinga rasimu ya katiba, moja ya sababu ikiwa ibara ya 26 iliyoruhusu mimba kutolewa pale uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Rais Mwai Kibaki, Mkatoliki, aliipigia kampeni nchi nzima, na wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67. Naona Kibaki alikuwa na utetezi ambao Pelosi hana: kura ilikuwa ya katiba nzima, na ibara hiyo hiyo inatamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa.

Sasa mbunge wetu Mkatoliki, wa Iringa, Njombe au Mbeya, atasimama wapi? Wengi watakimbilia waraka wa Injili ya Uhai wa Papa Yohane Paulo wa Pili, wa mwaka 1995, aya ya 73. Aya hiyo inamruhusu mbunge kuunga mkono sheria isiyo kamilifu ikiwa inapunguza madhara ya sheria mbaya iliyopo. Tusidanganyane, haimsaidii. Iliandikwa kwa nchi ambako kutoa mimba kumeshahalalishwa na mbunge anajaribu kubana. Kwetu sheria imebana tayari, na badiliko lolote la kuruhusu litakuwa la kulegeza. Akiipigia kura ibara ya 14 ya Maputo kama ilivyo, askofu wake atakuwa na haki ya kumwita, na mbunge asijifiche nyuma ya "imani yangu ni ya binafsi".

Lakini kifungu cha 151, kile cha kumfunga binti, ni habari nyingine, na hapa ndipo naona pande zote mbili hazijaangalia vizuri. Sheria ya Kanisa lenyewe ni pole kwa binti kuliko sheria ya nchi. Anayetoa mimba hutengwa na Kanisa papo hapo, kweli, ila aliye chini ya miaka 16 hapatwi na adhabu ya Kanisa, na aliye chini ya 18, au aliyetenda kwa hofu kubwa, hapatwi na kutengwa huko kwa papo hapo. Na tangu 2016 padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi hiyo kwenye kitubio. Binti wa miaka 17 wa Kilolo anaweza kutubu Jumamosi na kupokea Jumapili, huku Jamhuri ikimsubiri na miaka saba.

Atakayepinga atafungua Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2273, isemayo sheria za nchi ziweke adhabu zinazofaa dhidi ya wanaovunja haki ya mtoto aliye tumboni. Ni hoja ya kweli na siikwepi. Ila "zinazofaa" haisemi jela, wala haisemi lazima aadhibiwe yule aliyeletwa akivuja damu. Kumwondolea binti kifungo si kumpa mtu ruhusa ya kutoa mimba. Anayelipwa kuzitoa ataendelea kuwajibika, na hospitali zetu, za misheni na za serikali, zitaambiwa ukweli mapema.

Kuhusu adhabu ya altareni, msimamo wangu ni huu: Kanisa lina haki ya kulinda meza yake, lakini kabla ya kutangaza jina la mbunge, askofu aongee naye faragha, zaidi ya mara moja. Na ikibidi kumzuia, azuiwe kama alivyozuiwa mama wa benchi la tatu, bila kujali mabati aliyochangia. Mama yule hakupewa hata hicho kikao cha faragha. Alihukumiwa kwa sentensi moja, na mwanamume wake hajawahi kuitwa na mtu yeyote.

Kifungu cha 151 kinaweza kufutwa bila kugusa cha 150. Mbunge Mkatoliki atakayekuwa na moyo wa kuipeleka hoja hiyo bungeni aanzie nyumbani kwa askofu, na Katekisimu mkononi, aeleze nia yake kabla magazeti hayajaieleza kwa niaba yake. Na askofu amsikilize mpaka mwisho.