Kanzidata ya kulipia au ya bure: gharama iko wapi hasa?

Ukiwauliza watu wa kompyuta kampuni itumie mfumo gani wa kanzidata, yaani programu ya kuhifadhi na kutafuta data, jibu la kwanza huwa ni kasi. Mmoja atasifu PostgreSQL, mwingine ataapa kwa MySQL, wa tatu atakwambia Oracle ndiyo inayobeba mabenki. Ubishi huo ni mtamu, ila kwa biashara nyingi hauna uzito. Mifumo minne mikubwa, yaani Oracle na Microsoft SQL Server za kulipia, na MySQL na PostgreSQL za bure, imejengwa juu ya wazo lilelile alilolichapisha Edgar Codd wa IBM mwaka 1970: data ikae kwenye majedwali, na mtu aulize anachotaka bila kujua kimehifadhiwa wapi kwenye diski. Yote inaelewa SQL, lugha ya kuuliza data, yote inalinda miamala (mabadiliko yanayokamilika yote kwa pamoja au yasifanyike kabisa), na kampuni yenye ankara elfu kadhaa kwa siku haitaufikisha hata mmoja kwenye ukomo wake. Mfumo ukiwa mzito, mara nyingi tatizo ni fahirisi, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, ambayo hakuna aliyejisumbua kuiweka.

Swali lenye pesa ndani yake ni jingine. Unalipia wapi, na siku ukitaka kuondoka utatokaje?

Tuanze na Oracle, kwa sababu hapo hesabu inaonekana waziwazi. Bei ya orodha ya Enterprise Edition imekaa miaka mingi kwenye dola 47,500 kwa leseni moja ya prosesa, na usaidizi ni asilimia 22 ya bei hiyo kila mwaka. Kwa prosesa za kawaida za Intel, viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) huhesabiwa leseni moja. Seva yenye viini 16 basi inadai leseni 8: dola 380,000 za kununulia, kisha dola 83,600 kila mwaka za usaidizi. Wateja wakubwa hupata punguzo, kwa hiyo wachache hulipa bei hiyo kamili. Lakini hata baada ya hapo, ukitaka kugawa jedwali kubwa katika vipande, tuseme mauzo ya kila mwezi peke yake, hiyo ni nyongeza inayolipiwa kando. PostgreSQL inakupa uwezo huo bure, na tangu toleo la 10 la mwaka 2017 umekuwa rahisi kuutumia. SQL Server nayo inauzwa kwa viini, visivyopungua vinne kwa kila prosesa, ingawa bei yake ni ya chini kuliko ya Oracle.

Kwa hesabu hiyo peke yake ungesema mjadala umekwisha. Haujaisha, maana anayelipa anapata kitu. SQL Server hupata usaidizi wa Microsoft kwa takriban miaka kumi kwa kila toleo, wakati toleo kuu la PostgreSQL hupata marekebisho kwa miaka mitano tu. Kwa kampuni ambayo mfumo wake wa uhasibu haujaguswa tangu ulipowekwa, na hakuna anayetamani kuugusa, tofauti hiyo ni kubwa. Vilevile, programu nyingi za uhasibu na usimamizi huja na masharti: muuzaji anahudumia Oracle au SQL Server, basi. Ukiiweka juu ya mfumo mwingine, siku ya tatizo atakuambia hilo halimhusu. Hapo bei ya leseni ni sehemu ya bei ya programu, na kubishana nayo ni kupoteza muda.

Upande wa bure nao una ankara yake, isipokuwa haiji kwa karatasi. PostgreSQL, ukibadilisha mstari mmoja kwenye jedwali, haiufuti ule wa zamani. Inaandika toleo jipya na kuliacha la zamani mpaka mfagiaji aitwaye VACUUM apite. Siku za kawaida anapita mwenyewe na hakuna anayemkumbuka. Sasa mtu afanye badiliko dogo Ijumaa jioni, asahau kuandika COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, aache dirisha wazi na aende zake. Mfagiaji hawezi kuondoa mstari wowote ambao muamala ule bado ungeweza kuuona. Jedwali la oda, linaloguswa mara maelfu mwisho wa wiki, linavimba kimyakimya. Jumatatu maulizo yaliyokuwa mepesi yanaburuta miguu, na hata baada ya usafi nafasi ile hairudi yote kwenye diski. Anayejua ataona muamala ulioachwa wazi ndani ya dakika chache. Asiyejua atanunua seva kubwa zaidi.

Kosa hilohilo kwenye SQL Server iliyoachwa na mipangilio yake ya mwanzo lina sura nyingine: anayetaka kusoma mstari ule anasubiri kufuli ifunguliwe, kwa hiyo malalamiko yanaanza kumiminika Ijumaa ileile. Binafsi napenda tatizo linalopiga kelele mapema, ingawa najua mameneja wengi hawatakubaliana nami.

MySQL inabeba sifa mbaya ambayo sehemu yake imepitwa na wakati. Kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa mipangilio yake ya mwanzo ilikubali jina refu mno ikalikata, ikatoa onyo tu na kuendelea. Masharti ya CHECK, yale ya kuzuia mathalani bei isiwe hasi, yalisomwa na kupuuzwa hadi toleo la 8.0.16 mwaka 2019. Leo hayo yamerekebishwa. Kinachonisumbua zaidi ni umiliki. Mwaka 2010 Oracle iliinunua kampuni ya kompyuta ya Sun, na MySQL ilikuwa mali ya Sun. Mwanzilishi wake, Michael Widenius, alikuwa tayari ameanza MariaDB, tawi la MySQL linaloendelezwa kivyake, mwaka 2009. Kwa hiyo MySQL ni ya bure lakini ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anauza bidhaa ghali inayoshindana nayo. Ukiitumia ndani ya kampuni yako, sawa. Ukitaka kuifunga ndani ya programu unayouza bila kuutoa hadharani msimbo wake (maandishi ya programu), soma leseni pamoja na mwanasheria. PostgreSQL, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haimilikiwi na kampuni yoyote, na leseni yake ina masharti machache.

Mara nyingi watu hutaja mfano wa Amazon, ambayo mwaka 2019 ilitangaza kwamba biashara yake ya rejareja imezima kanzidata yake ya mwisho ya Oracle, baada ya kuhamisha karibu kanzidata 7,500 zenye petabaiti 75 (gigabaiti milioni 75). Unatolewa kama ushahidi kwamba kuhama kunawezekana. Mimi nausoma kinyume chake. Amazon inauza huduma za kanzidata yenyewe, ina wahandisi wa kumwaga, na bado kazi ile ilichukua miaka. Kampuni yenye watengeneza programu watatu, ambao kanuni za mikopo na punguzo wamezifungia ndani ya PL/SQL, lugha ya programu ya Oracle, itaandika upya kila kitu. Data inahama kwa wikendi moja. Kanuni zilizoandikwa ndani ya kanzidata ndizo zinazokufunga. Na wapo waliokwenda upande usiotarajiwa: Uber, kampuni ya usafiri, ilieleza mwaka 2016 kwa nini ilitoka PostgreSQL kwenda MySQL, sababu mojawapo ikiwa ni kazi ya kuandika upya fahirisi nyingi kila mstari unapobadilika.

Kuhusu usalama wa data, sioni mfumo wowote unaokuokoa peke yake. Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengeneza programu, alifuta saraka (folda) ya data kwenye seva kuu ya PostgreSQL kwa makosa. Nakala rudufu za kila siku zilikuwa zikishindikana, kwa kuwa zilichukuliwa na programu ya toleo la 9.2 ilhali seva ilikuwa 9.6, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla. Leseni ya dola laki kadhaa isingezifikisha barua zile.

Kwa biashara inayoanza mfumo wake yenyewe, bila muuzaji mwenye masharti, ningeweka PostgreSQL na kutumia sehemu ya pesa ya leseni kumlipa mtu anayeifahamu, hata kama ni wa mkataba wa siku chache kwa mwezi. Kama timu nzima imekulia kwenye SQL Server na zana za Microsoft, ningewaacha hapohapo, nikiwataka tu kanuni za biashara wazitoe kwenye kanzidata wazihamishie kwenye programu, kidogokidogo, kila zinapofanyiwa marekebisho. Oracle mpya kwa biashara ya kati nimeshindwa kuitetea, isipokuwa pale programu inayonunuliwa inapoidai kwa maandishi.