Mashine Ilisema Chimbeni Hapa

Mwaka 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji ili kubana matumizi. Maji mapya ya mtoni hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakaanza kula mabomba, na madini ya risasi yakaishia kwenye vikombe vya watoto. Sehemu hiyo wengi wanaijua. Mimi huvutiwa zaidi na iliyofuata, pale ilipobidi mabomba ya risasi yang'olewe na hakuna aliyejua yamefukiwa wapi.

Rekodi za mji zilikuwa kadi za zamani zilizoandikwa kwa mkono na ramani zilizochakaa, na mara nyingi zilisema jambo moja huku ardhi ikisema jingine. Watafiti wawili, Jacob Abernethy na Eric Schwartz, pamoja na wenzao, wakaunda modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data. Unaipa umri wa nyumba, thamani yake, mahali ilipo na matokeo ya mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, nayo inakukadiria uwezekano wa kila nyumba kuwa na bomba la risasi. Hakuna muujiza. Fundi mzee wa mabomba angekwambia yaleyale kwa uzoefu wake, ila hawezi kubeba kichwani maelfu kwa maelfu ya nyumba.

Mwaka 2017 zilikaguliwa nyumba 8,833, na 6,228 kati yake zikabadilishiwa mabomba. Yaani mashimo saba katika kila kumi yalikuta kilichotafutwa. Mwaka 2018 kazi ikakabidhiwa mkandarasi mwingine, modeli ikawekwa kando, na uchimbaji ukawa wa mtaa kwa mtaa. Kufikia katikati ya Desemba nyumba 10,531 zilikuwa zimechunguzwa. Risasi ikapatikana kwenye 1,567 tu. Asilimia 15. Fedha na muda vikateketea kwenye mashimo yaliyofichua mabomba mazuri ya shaba, na wakati huohuo familia zenye risasi kweli zikaendelea kusubiri zamu yao.

Niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza nilicheka. Serikali ina jibu mkononi, inalitupa! Baadaye nikajiweka mahali pa mwenye nyumba wa Flint. Kwa zaidi ya mwaka mzima viongozi wamenihakikishia kwamba maji ni salama, kumbe si salama. Sasa wanakuja na mtambo wa kuchimba, wanafukua kwa jirani, kwangu wanaruka, na nikiuliza naambiwa kompyuta imekadiria kwamba uwezekano wangu ni mdogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wakazi walitaka kila bomba lifukuliwe wajionee kwa macho yao, na mwanasiasa mwenye wapiga kura katika kila kata hana ujasiri wa kuwaambia baadhi yao wangoje. Sitacheka tena. Modeli ilikuwa sahihi kwa hesabu, lakini hakuna aliyekaa na watu hao akawaeleza kwa nini wao wameachwa.

Ndiyo maana huwa nachoka ninaposikia mijadala ya ujifunzaji wa mashine, yaani modeli za aina hii, serikalini ikianza na kuishia kwenye usahihi. Asilimia ngapi? Imeshinda madaktari wangapi? Hayo yana umuhimu wake, lakini swali la kwanza lingepaswa kuwa: mashine imeulizwa nini hasa?

Wapo watafiti waliolieleza jambo hili vizuri mwaka 2015, Jon Kleinberg na wenzake. Ukitaka kujua kama ubebe mwavuli, utabiri wa mvua unakutosha. Ukitaka kujua kama ufanye tambiko ili mvua inyeshe, utabiri hauna msaada. Hapo unahitaji kujua kama tambiko linaleta mvua. Maswali mengi ya sera ni ya tambiko, nasi tunayapeleka kwa mashine ya mwavuli. Modeli inaweza kukwambia ni wagonjwa gani watashindwa kumaliza dozi. Haiwezi, kwa data hiyohiyo, kukwambia kama kuwapigia simu kila wiki kutawafanya wamalize.

Na hata kwenye mwavuli unaweza kukosea swali. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa algoriti, yaani kanuni ya hesabu inayoendeshwa na kompyuta, iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Waliounda algoriti walitaka ipime uhitaji wa matibabu. Lakini uhitaji haumo kwenye safu yoyote ya data, kwa hiyo wakatabiri gharama badala yake: aliyetumia fedha nyingi hospitalini ndiye mgonjwa zaidi. Inaonekana busara mpaka ukumbuke kwamba kwa ugonjwa uleule, fedha zinazotumika kuwatibu Wamarekani weusi huwa kidogo kwa sababu huduma haiwafikii sawasawa. Rangi ya mtu haikuingizwa kabisa kwenye hesabu, na bado upendeleo ukapita. Watafiti walikadiria kwamba dosari hiyo ikirekebishwa, sehemu ya wagonjwa weusi kati ya wanaochaguliwa moja kwa moja ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hapo mashine haikukosea hata kidogo. Iliulizwa nani atagharimu, ikajibu nani atagharimu.

Yaliyotokea Uholanzi yalikuwa mabaya zaidi, maana pale mtu alihukumiwa. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari ya udanganyifu katika ruzuku za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa nchi hiyo kukahesabiwa miongoni mwa dalili za hatari. Maelfu ya wazazi walidaiwa warudishe fedha ambazo wengi wao walistahili kuzipata, bila kuelezwa walikosea wapi. Serikali ikajiuzulu Januari 2021. Binafsi naona orodha ya kumpa mtu msaada na orodha ya kumwadhibu zisiendeshwe kwa kanuni zilezile, hata kama hesabu iliyo chini yake ni moja.

Mfano ninaoupenda unatoka Ugiriki. Kiangazi cha mwaka 2020 nchi hiyo ilifungua mipaka kwa watalii huku maabara zikiwa na uwezo wa kuwapima wachache tu. Mfumo ulioitwa Eva ulikuwa ukichagua nani apimwe korona, kwa kuangalia anakotoka, umri na jinsia, na kujisahihisha kadiri matokeo mapya yalivyoingia. Ulinasa wasafiri wenye virusi wasio na dalili mara 1.85 zaidi ya ambavyo upimaji wa kubahatisha ungenasa. Lakini kilichonipendeza si idadi hiyo. Eva haikuvitumia vipimo vyote pale ilipokuwa na uhakika. Vingine ilivielekeza kwa makusudi kwa wasafiri wa kutoka sehemu ambazo taarifa zake zilikuwa chache, ili isije ikabaki inatazama upande mmoja wakati ugonjwa unaingilia mwingine.

Tangu nilipoisoma hiyo nimekuwa nikiirudia Flint kichwani. Mwaka 2019, kupitia makubaliano ya kesi, mji ulilazimika kuirejesha modeli. Vizuri. Lakini tuseme tangu mwanzo mji ungetenga shimo moja katika kila kumi kwa mitaa ambayo mashine inaiona salama, na kuwaalika wakazi waje kushuhudia. Modeli ingepata data ya kujisahihisha pale isipojua vizuri. Na yule niliyemuwazia, aliyerukwa, angesimama kando ya shimo la jirani yake, akaiona shaba.