Setilaiti bado haioni kila mzunguko wa maji

Makala niliyoisoma inasema setilaiti sasa zinatuonyesha mizunguko yote ya maji, yaani maji ya bahari yanayozunguka kama kisulisuli, katika bahari za ncha za dunia. Hapo mwandishi ametia chumvi. Kadiri unavyosogea kuelekea ncha, mizunguko hiyo huzidi kuwa midogo: karibu na ikweta mmoja unaweza kuzidi kilomita 200 kwa upana, ila Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini, mingi ni ya kilomita 10 hadi 20 tu. Setilaiti za kawaida za kupima kimo cha bahari hupima mstari mwembamba zinakopita, basi. Kinachopita kati ya mstari na mstari hakionekani. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na mashirika ya anga za juu, NASA ya Marekani na CNES ya Ufaransa, hupima ukanda wa kilomita 120 hivi, lakini haivuki latitudo ya 78, kwa hiyo haifiki kwenye ncha zenyewe.

Ajabu ni kwamba picha za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya, hazikutajwa kabisa! Rada hiyo haizuiwi na mawingu wala giza la miezi ya baridi. Pembezoni mwa barafu, kwa mfano kwenye Mlango-bahari wa Fram kati ya Greenland na Svalbard, vipande vilivyomeguka husombwa na maji vikachora mzunguko mzima, kama povu kwenye kikombe kinachokorogwa. Ndani zaidi, barafu ikishafunga, mchoro huo hupotea. Tena mizunguko mingi ya Aktiki iko makumi ya mita chini ya uso. Hiyo hunaswa na vipimo vya joto na chumvi vinavyoning'inizwa kutoka kwenye barafu yenyewe.