Acheni kugawa SUPERUSER kama njugu

PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, ikitoa "permission denied for table mauzo" (huna ruhusa ya jedwali mauzo), mtu anakimbilia ALTER ROLE ... SUPERUSER, amri ya kumpa mtumiaji mamlaka yote. Kosa linatoweka, na programu ya ripoti sasa ina uwezo wa kufuta kanzidata nzima! Inakera mno.

Someni ujumbe kwanza. Ukitaja schema (skima, yaani fungu la majedwali) wakati unasoma data, kinachokosekana ni USAGE, ruhusa ya kuingia kwenye skima hiyo. SELECT, ruhusa ya kusoma jedwali, peke yake haitoshi. Ukitaja sequence (kihesabu cha namba zinazofuatana), kwa kawaida INSERT, amri ya kuingiza data, imekwama kwenye safu ya serial, ile inayojijaza namba yenyewe. Na tangu toleo la 15 la mwaka 2022, kwenye kanzidata mpya mtumiaji wa kawaida haundi jedwali ndani ya public, skima inayokuja na kanzidata, mpaka apewe ruhusa ya CREATE.

Halafu lile la "mbona jana ilikubali?" Amri ya kutoa ruhusa, GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA, inagusa majedwali yaliyopo wakati huo tu. La kesho halimo. Dawa ni ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE, inayopanga ruhusa za majedwali yajayo, na hapo kwenye FOR ROLE anatajwa anayeunda majedwali, si anayeyasoma. Wengi hukosea papo hapo, wakakata tamaa, wakarudi kwenye SUPERUSER. Jamani, ndani ya psql (dirisha la amri la PostgreSQL), \dp inaonyesha ruhusa za majedwali na sequence, na \ddp zile za majedwali yajayo, kabla hamjagusa chochote.