Tela la karafuu ndilo tela la dago

Mtoto wa ami yangu anayeishi Uingereza alinitumia picha za tela dogo la kupigia kambi, lile lenye umbo la tone la maji. Lina mlango kila ubavu, godoro la watu wawili ndani, na ukiinua kifuniko cha nyuma unakuta jiko na rafu za vyombo. Anajiandaa kurudi nyumbani na ana nafasi kwenye kontena. Akaniuliza: "Kaka, nilichukue? Tutalifunga nyuma ya gari, Sikukuu ikifika tunakwenda zetu ufukweni Vumawimbi na watoto."

Nilimwambia asilichukue. Nilimwambia pia kwamba nia yake ni njema na kwamba tela tunalihitaji kweli, ila tela ninalolitaka mimi ni jengine. Tumeandikiana usiku kadhaa juu ya jambo hili, na kwa kuwa najua wapo wengi Unguja na Pemba wanaotamani tela kama lile, nayaweka hapa niliyomwambia.

Sisi wa Pemba hatukufundishwa na watalii kulala nje. Wavuvi wetu huenda dago. Wanahama na vyombo vyao, wanakaa siku nyingi kwenye visiwa na fukwe za mbali, Misali ikiwemo, wanavua, wanakausha samaki, wanalala hapo hapo. Na msimu wa karafuu ukikolea, familia nzima huhamia kambini mashambani, kuku nao wamo. Mimi nimekulia kwenye kambi hizo. Vitu vyetu vilibebwa na gari la ng'ombe la ami: mikeka, masufuria, madumu ya maji, majamvi ya kuanikia, turubali. Ekseli ya gari lile ilitolewa kwenye gari bovu, magurudumu yake ya upepo, mbao juu, basi. Usiku ng'ombe walifunguliwa, turubali likatandazwa juu ya miti minne, na sisi watoto tukalala juu ya mbao, mbali na unyevu wa ardhi na siafu. Tukirudi mjini, gari lile lile lilibeba karafuu.

Hilo ndilo tela langu la kwanza, na hadi leo ndilo ninalopimia mengine.

Hebu tupige hesabu ya siku. Familia yangu ikijitahidi sana itapiga kambi mara 6 kwa mwaka, tuseme 8. Wiki zilizobaki tela litafanya nini? Tela la godoro litakaa uwani likiota ukungu kwenye kitambaa, kwa sababu halina kazi nyengine linaloweza kuifanya. Huwezi kutia polo, yaani gunia, la karafuu juu ya godoro. Huwezi kutia mwani mbichi, wala mchanga, wala mbuzi wa arusi. Fedha nyingi hivyo kwa safari 8 ni jambo linaloniuma, hasa ninapowaona jirani zangu wakikodi gari kwa kila safari ya mzigo.

Halafu kuna joto. Matela ya umbo lile yalianzia Marekani miaka ya 1930, na watu wengi walijitengenezea wenyewe kwa michoro iliyochapishwa magazetini. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini boksi lenye kuta nene na madirisha mawili madogo linafaa kwa watu wanaoikimbia baridi. Sisi tunatafuta upepo. Niliwahi kulala nyuma ya gari lililofungwa, ufukweni, mwezi wa Februari, na saa nane usiku nilitoka nikamalizia usingizi wangu mchangani chini ya chandarua. Kaskazi ilikuwa inavuma nje wakati mimi nilikuwa ninatoka jasho ndani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: chagua tela la wazi, bapa, la chini, lenye mbavu zinazofunguka, na fremu juu yake inayoweza kutolewa. Kwanza liwe tela la kazi, kulala kuje baadaye. Mfano bora niujuao ni wa kijeshi. Katika Vita Kuu ya Pili, jeep ya jeshi la Marekani ilivuta tela dogo la robo tani: boksi la chuma lililo wazi juu, springi za majani (zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyengine), na magurudumu ya aina ile ile iliyofungwa kwenye jeep yenyewe. Bodi yake haikupitisha maji, hivyo liliweza kuelea mtoni. Hapakuwa na rafu wala kabati. Na matela hayo yalidumu, mengi yakaishia mikononi mwa wakulima na wapiga kambi baada ya vita, kwa sababu tela la boksi unaweza kuligeuza lolote unalotaka.

Uzito ndio unaowaponza watu wengi, kwa kuwa wanauliza tela tupu lina kilo ngapi na wanaishia hapo. Chukua tela la kilo 250. Tia madumu 4 ya maji ya lita 20, hizo kilo 80, maana kila lita ni kilo moja. Hema la kufunga juu ya fremu lina kilo 60 hivi. Boksi la barafu lililojaa, kilo 40. Mtungi mdogo wa gesi, chakula, masufuria, mikeka, nguo za watoto, weka kilo 90 bila kujidanganya. Tayari umefika 520. Siku ya karafuu, mapolo 10 ya kilo 50 ni nusu tani, nalo tela lenyewe juu yake: kilo 750.

Kilo 750 ni namba ya kuikumbuka. Uingereza, Afrika Kusini na Australia, huo ndio mwisho wa uzito wote wa tela lisilo na breki zake. Uingereza wanaongeza sharti jengine ninalolipenda zaidi: tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Magari mengi ya visiwani ni madogo. Gari la kilo 1,200 linastahili tela la kilo 600, si 750, na hapo mapolo yanapungua kutoka 10 hadi 7. Mtu ataniambia hakuna anayetupima. Kilima kinatupima. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, ila Pemba ni vilima na mabonde, na barabara yetu ya Chake hadi Wete haina subira na mzigo unaokusukuma kutoka nyuma huku unateremka kwenye kona na mvua ya masika imelowesha lami. Kwa Pemba nataka tela lenye breki zake, zile zinazojikamata zenyewe tela linapolisukuma gari, hata kama sheria za wenzetu zingeniruhusu kuzikosa.

Mzigo nao una mahali pake. Vitu vizito vikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote ikae kwenye kichwa cha kuvutia, pale tela linaposhikana na gari. Kwa tela la kilo 500 ni kilo 25 hadi 50, na unaweza kuzipima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu ukiweka kigogo juu yake. Ukirundika maji nyuma kabisa, tela huanza kutikisa mkia barabarani. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani sawasawa. Usikanyage breki kwa nguvu.

Sasa kutu. Hapa sina unyenyekevu, kwa sababu nimeona tela zuri la jamaa yangu likikatika katikati kabla halijamaliza mwaka wa tano. Lilikuwa limetengenezwa kwa mabomba ya mraba, limepakwa rangi ya kung'aa, na fundi aliliita "la zinki". Ilikuwa rangi ya fedha tu. Hewa ya chumvi iliingia kwenye tundu za bolti, maji yakakaa ndani ya mabomba, kutu ikala kutoka ndani kuja nje, na siku ya kukatika nje kulikuwa bado kunang'aa. Chesisi iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, huwa imepata zinki nje na ndani, hata pale brashi isipofika. Ukishaipata ya namna hiyo usiichomelee wala kuitoboa tena, maana utakuwa umeifungulia kutu mlango. Na kama chesisi itatengenezwa hapa hapa kwa rangi, mwambie fundi atumie chuma cha wazi, cha pembe au cha mfereji, asitumie bomba lililofungwa. Chuma cha wazi unakiona, unakiosha, unakikwangua na kukipaka upya. Bomba linakuficha.

Boksi la alumini ni zuri na jepesi, lakini bolti za chuma kisichoshika kutu zikigusana nayo kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa kuzunguka kila bolti. Weka washa za plastiki au mpira kati yao. Ni kazi ya jioni moja.

Jambo jengine wasilolijua wengi ni habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi. Ukitoka safari ndefu habu zina moto. Ukirudi nyuma moja kwa moja hadi magurudumu yaingie baharini, labda unashusha ngalawa, hewa iliyomo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na maji ya chumvi yanavutwa kupita kwenye sili, ule mpira wa kuzibia, hadi kwenye beringi. Grisi inageuka kama maziwa na beringi haimalizi msimu. Ngojea zipoe kwanza, nusu saa ya kunywa chai. Ukifika nyumbani, maji ya mfereji tele, chini kuliko juu. Shemeji yangu analima mwani, na nimemwambia wazi: tela nitakuazima wakati wowote, lakini likirudi halijaoshwa tutagombana.

Magurudumu yalingane na ya gari. Usikubali kuambiwa kwamba nati 5 ni nati 5: kwenye Suzuki Escudo za zamani nati zimekaa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, na RAV4 za zamani 114.3, hayaingiliani hata kwa kulazimisha. Ukilinganisha, spea moja inatumika kwa gari na tela, na kwenye njia za mawe za upande wa Makunduchi au Matemwe utashukuru. Taa na plagi pia zikaguliwe kabla ya safari. Na ekseli iwe na springi za majani, kwa sababu jani likivunjika popote visiwani utampata mtu wa kulitengeneza.

Kuhusu kulala: hema juu ya fremu, sakafu ya tela kwa wazee wasiopanda ngazi, turubali pana upande mmoja kwa kivuli na kupikia. Fremu isiwe ndefu kuliko paa la gari. Njia ya kutoka Konde kwenda Vumawimbi inapita ndani ya Msitu wa Ngezi, na hema lililonyanyuliwa juu sana litakutana na matawi. Chandarua zaidi ya kimoja. Maji yawe kwenye madumu, si kwenye tangi lililofungwa chini ya tela, kwani dumu mtoto wa miaka 12 analibeba hadi mferejini na kurudi.

Tela la kazi nyingi linataka mwenye adabu ya kazi nyingi. Karafuu hushika harufu. Ukibeba dizeli Ijumaa na karafuu Jumamosi, mnunuzi ataijua kabla hujafungua polo, na Shirika la Biashara la Taifa linanunua kwa madaraja, hivyo uzembe huo unaulipia mwenyewe. Mimi ninataka turubali tatu: moja ya karafuu peke yake, moja ya mwani na samaki, moja ya kulalia. Zisichanganywe hata kwa dharura.

Na tela likifika pwani, liishie kwenye ardhi ngumu. Magurudumu yanavunja mayai ya kasa yaliyofukiwa mchangani, na wakati wa bamvu, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yanapanda mita nyingi. Ulipoona pakavu jioni panaweza kuwa bahari alfajiri. Mpitie sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, kabla hujatandika mkeka. Atakuonyesha maji yanapofika, na nani mwenye kisima.

Mtoto wa ami ameniridhia. Ile nafasi kwenye kontena sasa ataiwekea ekseli yenye breki, chesisi iliyochovywa zinki na hema moja. Boksi tutalitengeneza Chake kwa fundi ninayemwamini. Tumebaki na ugomvi mmoja. Yeye anataka mbavu za sentimita 60 ili vitu visianguke. Mimi nataka 40, kwa sababu wanaopakia mapolo nyumbani kwetu ni mama na dada zangu, na sentimita 20 hizo watazinyanyua kila siku ya msimu. Jana nimemwambia ampigie mama amuulize yeye.