Setapu kwanza au dereva kwanza?

Kwenye kumbi za gemu za Nairobi, na hata kwa wale waliojikusanyia usukani na pedali za kuchezea nyumbani, mabishano ya mbio za simuleta, yaani gemu zinazoiga uendeshaji wa magari ya mashindano, huishia pale pale. Mtu akiachwa sekunde mbili katika mzunguko mmoja, mwenzake wa kulia humwambia setapu yake, yaani jinsi alivyolipanga gari, ni mbovu, na wa kushoto humwambia gari halina shida, ajifunze kuendesha. Mimi niko na huyu wa kushoto, ila sikubaliani na kila anachosema, maana mwenzake naye ana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa.

Tuanze na hizo. Mtu akisema setapu, anazungumzia presha ya matairi, ugumu wa springi na vifyonza mshtuko, kimo cha gari kutoka chini, bawa la nyuma, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, difu inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, alaimenti na kadhalika. Gemu hukupa gari likiwa tayari limepangwa. Gemu ya Assetto Corsa Competizione, kwa mfano, huja na mipangilio tayari kwa kila gari, ukiwemo mmoja wa tahadhari na mwingine mkali. Ule wa tahadhari umetengenezwa ili mgeni asizunguke hovyo, kwa hiyo ukizidisha mwendo matairi ya mbele ndiyo hushindwa kwanza na gari hukataa kukata kona. Hilo ni salama, lakini lina gharama yake. Anayekaa humo muda mrefu huzoea kuongeza usukani gari linapokataa, na usukani ukizidi matairi ya mbele hupata joto na kukataa zaidi. Hiyo ni tabia mbaya anayofundishwa na gari, na kumwambia aendelee tu kuendesha ni kumwambia aikomaze.

Kisha kuna mambo ambayo hayahusu ladha ya mtu hata kidogo. Katika gemu hiyo hiyo, tangu masasisho ya 2023, magari ya mashindano ya daraja la GT3 hushika barabara vizuri zaidi kwenye lami kavu presha ya matairi yaliyopata moto ikiwa kati ya psi 26 na 27. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, presha hupanda kwa takriban psi 0.1. Ukifanya mazoezi kwenye nyuzi 20 halafu mbio zikaanza kwenye nyuzi 30, umeshapita kipimo kwa psi nzima kabla hujafika kona ya kwanza. Dereva awe hodari vipi, hawezi kuiondoa psi hiyo kwa mikono. Mafuta nayo ni vivyo hivyo. Lita moja ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo anayebeba lita 60 asizozihitaji amejitwika kilo 45 bure, na kila anapofunga breki atazihisi.

Mgawanyo wa breki nao nauweka kundi hilo. Chukua ile kona ya kwanza ya Monza, mwisho wa barabara ndefu, unapoingia kulia kisha kushoto. Breki ikielemea mbele mno, magurudumu ya mbele hujifunga, tairi hupiga kelele, usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi na gari linanyoosha moja kwa moja kuipita kona. Rudisha nyuma kwa asilimia moja, na gari litaanza kukubali kugeuka ukiwa bado unakanyaga breki. Zidisha kurudisha, na sasa nyuma ndiyo itakayojifunga kwanza, ukute unatazama ulikotoka. Nafasi kati ya hali hizo mbili ni ndogo, na mgeni anaweza kuijua kwa jioni moja. Sioni sababu ya kumnyima maarifa hayo eti kwa kuwa hajaiva.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ndio mzito. Kubadilisha springi au stabiliza, ile fito inayozuia gari kulalia upande mmoja kwenye kona, mara nyingi huleta sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Dereva ambaye mizunguko yake inapishana kwa sekunde nzima hana kipimo cha kuona tofauti hiyo. Atalegeza stabiliza ya mbele, atapata mzunguko mzuri kwa bahati, ataamini amepata dawa. Mzunguko unaofuata ukiharibika atagusa kitu kingine, kisha kingine, na baada ya saa moja ana gari ambalo hata yeye hawezi kulieleza.

Kuna baya kuliko hilo. Dalili ya kosa la dereva na dalili ya kasoro ya gari hufanana. Gari likikataa kona, huenda mbele ni pagumu mno. Lakini pia huenda ulichelewa kufunga breki ukaingia kwa kasi isiyofaa, au uliiachia breki ghafla, uzito ukarudi nyuma na matairi ya mbele yakabaki mepesi wakati unayahitaji zaidi. Asiyejua lipi ni lipi atalegeza mbele. Kona ile ya polepole itapona kidogo, halafu kwenye kona ya kasi nyuma itaanza kuteleza, kwa sababu ulichobadilisha kinafanya kazi kila mahali. Amelitibu gari lisiloumwa, na sasa linaumwa kweli. Nimewaona vijana wenye kipaji wakihangaika na difu wakati tatizo lao lilikuwa mguu wa kushoto, ule wa breki, na inasikitisha, kwa sababu kosa la mguu hurekebika haraka mtu akielekezwa.

Kwa Nairobi hoja hii ina uzito wa ziada. Wengi wetu hatumiliki vifaa. Tunalipia kiti kwa muda. Kila dakika unayokaa kwenye ukurasa wa springi ni dakika uliyolipa bila kuendesha, na ukirudi wiki ijayo huenda mtu mwingine ameshavuruga ulichohifadhi. Wenye vifaa nyumbani wengi wana usukani unaozungushwa na mota kupitia gia kama Logitech G29, wenye nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni mita 2. Wanaotengeneza setapu zinazouzwa mtandaoni kwa kawaida huendesha kwa usukani unaoshikana moja kwa moja na mota, wenye nguvu mara nne au zaidi ya hiyo, na breki inayopima shinikizo la mguu. Mkono wao hupata habari mapema kwamba nyuma inaanza kuteleza, kwa hiyo wanaweza kuendesha gari lililolegea nyuma na kulidaka. Sisi habari hiyo hutufikia gari likiwa limeshageuka. Setapu ni ile ile, gari ni lile lile, na bado mmoja anavunja rekodi huku mwingine yuko kwenye nyasi.

Sisemi setapu hizo hazina maana. Ukiiweka moja kando ya ile iliyokuja na gemu, ukatazama namba zipi zimebadilika na kujiuliza kwa nini, utajifunza mengi. Kuipakia na kutarajia muujiza ndiko kunakoniudhi, kwa sababu watu wanatoa pesa zao.

Wakenya tuna mfano wetu wa karibu katika jambo hili. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 hadi 1982, enzi ambazo mbio zilikuwa za maelfu ya kilomita na magari yaliandaliwa kwanza yafike. Safari imo ndani ya gemu ya EA Sports WRC ya 2023, na anayeijaribu akiwa amelishusha gari na kukaza springi kama ilivyo kwenye lami atajua haraka kwamba mawe hayajali. Hapo inua gari, legeza springi, ukubali kupoteza wepesi kidogo. Setapu inayokuwezesha kurudia jambo lile lile bila kuogopa ina thamani kuliko ile yenye kasi zaidi kwenye karatasi.

Wanaoandaa mashindano hukumbana na swali hili pia: wafunge setapu au waache kila mtu ajipangie? iRacing, gemu ya mbio za mtandaoni, ina mashindano ya aina zote mbili, na kila aina ina watu wake. Wanaopinga kufunga husema kwamba hakuna mpangilio mmoja unaowafaa madereva wote, na ni kweli. Anayependa nyuma ya gari iteleze kidogo ili ligeuke ataumia. Hata hivyo, kwa mashindano mafupi ya ukumbini ningefunga kila kitu isipokuwa presha, mafuta na mgawanyo wa breki. Bila hivyo, mwenye kompyuta nyumbani huja na kazi ya wiki nzima dhidi ya kijana aliyepata nusu saa ya kulipia. Kwa mbio ndefu, ambazo watu hujiandaa kwa muda, ningefungua yote.

Na ukurasa wa springi uguswe lini? Naona mtu amefika pale anapoweza kuendesha mizunguko kumi mfululizo ikiwa ndani ya nusu sekunde, bila kutoka barabarani. Hapo aanze na stabiliza, kwa sababu mabadiliko yake huhisiwa upesi, hatua moja au mbili, nyingine zote zikae zilivyo. Aendeshe mizunguko mitano hivi kabla ya kuamua. Kila anachohifadhi akipe jina lenye joto la barabara la siku hiyo, na ile setapu ya mwanzo asiifute.